Kamba ya Mama Yake Mzee Jilala

Doto na Sayi, wanafunzi wangu, mlinipa kalamu siku ya kuniaga kwa sababu mlijua macho yangu hayaoni tena tundu la sindano, ila mstari wa daftari bado yanauona. Mkasema, "Bibi Kabula, tuandikie historia ya karakana." Hee! Historia mimi sina. Nina kaunta buku zilizoliwa pembe na panya, sindano mbili za magunia, na kidole gumba kilichochomwa mpaka kimeacha kulalamika. Basi nitaandika hayo. Nilipanda cheo lini, msiniulize, maana karakana yetu ilikuwa na watu wawili na cheo kimoja, na hicho kimoja kilikuwa cha Mzee Masanja.

Kabla ya karakana ya picha nilikuwa kibarua wa jineri, kile kiwanda cha kutenga pamba na mbegu, nachambua pamba kwa mkono, safi huku, fifi, ile chafu, kule, siku nzima, mpaka nikifumba macho naona weupe tu. Kisha biashara ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaingia Bariadi na malori yao na mizani yao, na jineri yetu ikaanza kunyamaza. Ilinyamaza siku moja, ikanyamaza wiki, mwisho tukaambiwa twende nyumbani tukapumzike. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, sijachoka hata kidogo, nipumzike kitu gani?

Lakini biashara hiyohiyo iliyoninyang'anya kazi ndiyo iliyonipa nyingine. Mjini kila mwenye mlango aliugeuza duka, na kila duka likataka kibao. Saluni, bucha, mgahawa, duka la mitumba, fundi redio, wote walimfuata mtu mmoja nyuma ya soko, Mzee Masanja, mchora vibao. Alikuwa mrefu, mwembamba, suruali yake ina rangi za vibao vyote vya mji. Nilimkuta amechuchumaa anapaka herufi ya R, hakugeuka.

"Mwangaluka, baba," nikamsalimia nimepiga goti. "Natafuta kazi."

"Mwangaluka, mayu. Unajua kuchora?" Mayu kwetu Wasukuma ni mama, na wazee humwita hivyo hata binti.

"Sijui."

"Unajua kushona gunia?"

"Gunia najua, nimetoka jineri."

"Na jana umeota nini?"

Nikajisemea, huyu rangi imempanda kichwani. Ila sikuwa na kwingine kwa kwenda, nikamjibu. Nilikuwa nimeota mitambo ya jineri inakwenda yenyewe, hakuna mtu, na pamba inayotoka ni nyeusi. Akaweka brashi chini. Akanipa kipande cha gunia kilichokazwa kwenye fremu, sindano, boksi la takataka, akasema nimwonyeshe. Nilifanya kazi mpaka jua likaanza kuinama. Pamba niliipaka masizi ya chungu, mitambo nikaitengeneza kwa vifuniko vya soda na springi ya kitanda. Pembeni nikajishona mimi mwenyewe, kwa kitambaa cha njano, nimependeza kweli.

Masanja akaitazama. "Huyu wa njano ni nani?"

"Mimi."

"Ulijiona kwenye ndoto?"

"Hapana, lakini nilikuwepo."

"Kama hukujiona, jitoe."

Nikajitoa. Pale nilipokuwa pakabaki gunia tupu. Ndiyo kanuni ya kwanza niliyofundishwa, na kwa miaka mingi ilikuwa ya pekee: ambacho mwenye ndoto hakukiona, acha gunia lionekane. Ninyi mliisikia kutoka kwangu mpaka mkaanza kuniigiza nikiwa nje, mkidhani sisikii.

Mmewahi kuniuliza wazo hili la kuchora ndoto alilitoa wapi. Alilitoa kwenye shida. Miaka ile bidhaa zilipokuwa hazipatikani, rangi haikuwepo, na Masanja akaanza kuandika vibao kwa vifuniko vya soda vilivyopigiliwa misumari. Siku moja mwenye mgahawa mmoja akamwambia anaota nyoka anakunywa chai kwenye kikombe chake, kila siku nyoka yuleyule, na amechoka naye. Masanja akamtengeneza nyoka kwa mpira wa baiskeli, kikombe kwa kibuyu kilichovunjika, akampa akatundike. Nyoka hakurudi tena. Masanja mwenyewe hakudai kuwa ni mganga. Alisema kichwa cha mtu ni kama jineri, kina zamu ya mchana na zamu ya usiku, na wale wa usiku wanafanya kazi yao lakini hawana mahali pa kupeleka mzigo. Sisi tunapokea mzigo, basi. Rangi ziliporudi madukani, za kila aina, watu walishazoea vifuniko na vibuyu, wakakataa rangi tupu.

Kuhusu vifaa nitasema machache, maana siku hizi mnanunua gundi ya chupa na mnajiona mmefika. Sisi tulipika uji wa muhogo mzito, tukauchemshia majani ya mwarobaini ili mende wasile picha. Bila mwarobaini, mteja anatundika ndoto yake leo, mwezi ujao imeliwa nusu. Ngozi iloweke na uikaze kwanza. Ukiishona mbichi, ikikauka inajikunja na kung'oa nyuzi zote. Rangi ya mafuta ukiizidishia mafuta ya taa haikauki mpaka mteja aanze kukutukana. Na kaunta buku iwe karibu siku zote. Mtu anasimulia, unaandika maneno yake yeye, si yako, halafu unamsomea. Akisema "sawa", ndipo unashika sindano.

Wateja tulipata wa kila namna. Kulikuwa na mwenye bucha aliyeota anapimwa yeye kwenye mizani yake mwenyewe na wateja wanabishana kuwa hajatimia uzito. Picha ile aliitundika chumbani, si buchani, na nilimwelewa. Kulikuwa na katekista aliyeota meno yake yanaimba bila yeye, na hakutaka mtu ajue, akaja kashusha kofia mpaka kwenye nyusi kana kwamba mji mzima haumjui. Na kuna mheshimiwa fulani alikuja kuagiza ndoto ambayo hajaota. Alitaka awe juu ya tembo, watu wanashangilia, aipeleke kwenye mkutano. Nikamwambia, "Baba, kalale kwanza." Masanja alicheka mpaka akamwaga rangi ya bluu, kopo zima, na alinikumbusha kopo lile mwaka mzima.

Sasa nafika kwa Mzee Jilala, na hapa sitajisifu.

Ilikuwa msimu wa pamba. Masanja alikuwa amekwenda Mwamanyili, kapata vibao vya maduka matatu kwa mpigo, kaniachia karakana kwa mara ya kwanza. Nilijiona mkubwa sana. Nikiwa nimekalia stuli yake, akaingia mzee mfugaji kutoka Mwandoya, kaja na lori la pamba, koti zito juani, fimbo mkononi. Alikuwa mtu wa kusali Jumapili, ila habari za wazee waliotangulia hakuziacha. Akakaa, akasema ameota jambo lilelile mara tatu. Nikafungua kaunta buku. Akasimulia habari ya marehemu mama yake, nikaandika, nikamsomea, akasema "sawa", akaenda kushusha pamba. Angerudi kuichukua picha baada ya siku tano.

Mama yake nilimshona vizuri, nasema kweli. Kichwa kipande cha kibuyu, shingoni shanga za zamani, mwilini kitenge kilichopauka, mgongo ametupa sisi. Mkononi kamba ya katani niliyoisokota mwenyewe pajani. Nikaichomoza kamba kutoka mkononi, ikaenda, ikaenda, ikaishia kwenye gunia tupu. Nikasogea nyuma, nikatazama. Kamba! Haina kitu! Nikaona kazi imekatika katikati, nikaona watu wa Mwandoya watanicheka. Na pale ukutani palikuwa na kipande cha ngozi kutoka buchani, kimekauka vizuri, rangi ya kahawia chenye baka jeupe. Nikakikata ng'ombe. Nikamshona mwishoni mwa kamba, miguu minne, pembe za waya. Loo, alipendeza! Mzee Jilala alipokuja alisimama mbele ya picha, akamkazia macho yule ng'ombe. Kisha akasema "Wabeja," yaani asante, akaifunga kwenye shuka, akaondoka. Mimi nikaimba siku nzima.

Baada ya wiki mbili, Masanja amesharudi, akatokea mwanamke kijana, vumbi mpaka kwenye kope. Hakupiga goti, hakusalimia.

"Ni nani kati yenu aliyemchora ng'ombe wangu?"

Jina lake Minza. Alikuwa mkwe wa Mzee Jilala, mjane wa mtoto wake wa pili. Mume alimwachia watoto watatu, na baba yake mzazi alimpa ng'ombe mmoja wa maziwa, wake yeye, si wa boma. Ng'ombe huyo alimwita Kahawa. Alikuwa wa kahawia, mwenye baka jeupe ubavuni. Watoto watatu walikunywa maziwa yake asubuhi na jioni.

"Baba mkwe ameleta picha yenu," Minza akasema. "Amewaita ndugu zake wote. Anasema marehemu mama yake ameonyesha ng'ombe anayetaka kuchinjiwa. Keshokutwa Kahawa anachinjwa. Pombe imeshapikwa!"

"Lakini mimi ng'ombe wako simjui," nikasema. "Sijawahi kufika Mwandoya."

"Ndicho hicho wanachosema! Mtu asiyemjua amemchora alivyo, na baka lake. Sasa nani atabisha?"

Masanja alivuta kaunta buku, akafunua, akaniwekea mbele. "Soma," akasema.

Nikasoma mwandiko wangu mwenyewe: "Mama amesimama uani. Amenipa mgongo. Ameshika kamba. Hasemi kitu. Nimeamka."

"Ng'ombe yuko wapi?"

Nikasoma tena. Hakuwepo. Mzee hakutaja rangi, hakutaja pembe, hakutaja ng'ombe kabisa. Mimi binti wa Kisukuma nimeona kamba, basi mkono wangu ukamfunga ng'ombe, wala sikujua kama nimemfunga. Na yule mzee mfugaji naye alipomwona pichani akaamini alimwota.

"Wasukuma bwana!" Masanja akasema, na safari hii hakucheka. "Utakwenda kuwaambia."

"Mimi? Baba, nenda wewe, wewe ni mzee, watakusikiliza."

"Sindano aliishika nani?"

"Nikisema nimetunga, watu watasema picha zetu zote ni za uongo. Nani atakuja tena hapa?"

"Wasije. Mimi nitarudi kwenye vibao. Huyu Minza akishachinjiwa ng'ombe wake, sisi tutarudi wapi?"

Niliogopa, sifichi. Karakana ile ndiyo iliyokuwa maisha yangu, na nilikuwa nakwenda kuiua kwa mdomo wangu. Lakini kila nikimtazama Minza, amekaa kwenye kopo la rangi, hata maji aliyopewa hajayanywa, nilijua sina ujanja. Tukapanda lori lililokuwa linakwenda kuchukua pamba, mimi na Minza juu ya magunia matupu, kaunta buku nimeifunga kiunoni kwa khanga. Mto tuliuvuka ukiwa mchanga mtupu. Minza hakunisemesha njia nzima, ila tulipokaribia akanipangusa vumbi usoni kwa ncha ya khanga yake, kama anavyofanywa mtoto anayepelekwa kwa wageni.

Bomani watu walijaa. Kina mama wanapepeta, masufuria ya kuazima yamepangwa, na Kahawa mwenyewe kafungwa pembeni, anacheua, hana habari. Picha ilikuwa imeegemezwa ukutani mwa nyumba kubwa. Nikapiga goti mbele ya Mzee Jilala na ndugu zake.

"Mwadila, baba," nikamsalimia.

"Mwadila, mayu. Karibu, umekuja kula na sisi!"

"Baba, sikuja kula. Ng'ombe aliye kwenye picha nimemtunga mimi. Hukunisimulia ng'ombe."

Maneno yakaja yote kwa pamoja. Kaka yake Jilala, mzee mfupi mwenye sauti ya mabati, akapayuka, "Kwa hiyo pombe yote hii tumepika ya nini?"

"Mimi nilimwona," Mzee Jilala akasema. Alikasirika. "Wa kahawia. Mwenye baka."

"Baba, nisamehe. Ulimwona kwenye ndoto, au ulimwona kwenye picha?"

Nikafungua kaunta buku, nikamsomea maneno yake, polepole, mara mbili. Kisha akanyoosha fimbo yake kwenye picha. "Mtoe huyo ng'ombe."

Nikatoa wembe. Nimefumua nyuzi nyingi maishani, lakini zile ndizo zilizokuwa ndefu kuliko zote, na nilijikata kidole. Ngozi ikatoka. Likabaki gunia tupu, na mama amesimama na kamba yake.

Mzee Jilala akasogea karibu kabisa. Akachutama. Akaigusa ile kamba.

"Ilikuwa fupi," akasema. "Hii umeifanya ndefu. Ilikuwa fupi hivi." Akapima kwa mikono, kama hatua mbili tu. Halafu akakaa chini vumbini na koti lake.

"Ni ile ya kiunoni," akamwambia kaka yake. "Unaikumbuka? Akilima kule mtoni. Nilikuwa natoroka, nakwenda kwenye maji. Ananifunga kiunoni, ncha nyingine anajifunga yeye. Analima, mimi nakokotwa nyuma yake."

"Nakumbuka!" kaka yake akasema. "Ukilia anakuvuta kidogo ujue yupo."

Mzee Jilala akacheka, akalia, akacheka tena, machozi yakaingia kwenye ndevu, na hakuna aliyemwonea haya. "Mama yangu," akasema. "Anataka kunifunga tena!"

"Akufunge!" kaka yake akajibu. "Tangu ununue baiskeli unakaa nyumbani lini?"

Boma zima likapasuka kicheko. Kahawa akafunguliwa. Mama yake Jilala hakuchinjiwa ng'ombe, wakachinjwa kuku, na pombe ilinyweka yote, msiwe na wasiwasi juu ya pombe. Minza akakamua, akaniletea maziwa kwenye kibuyu, akasimama mbele yangu mikono kiunoni mpaka nikayamaliza. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Ungeweza kukaa kimya na tusingejua."

Nilirudi Bariadi nikisubiri tufunge. Masanja aliniona mlangoni, akasema, "Umerudi? Shika brashi, kuna kibao cha saluni." Hilo tu. Jioni, alipokwisha kunawa, akakichukua kile kipande cha ngozi nilichorudi nacho, akakipigilia misumari ukutani juu ya meza yangu, nikione kila ninapoinua kichwa. Na wateja wakaongezeka! Habari ya Mwandoya ilitembea na malori ya pamba kila soko, na watu wakasema twende kule nyuma ya soko, kule hata wakikosea wanakufuata nyumbani kukuambia. Mzee Jilala mwenyewe alikuja msimu uliofuata, na baiskeli, kamba fupi ya katani kaifunga kwenye usukani.

Masanja ametutoka miaka mingi sasa. Ninyi hamkumkuta, ila mmekikuta kipande cha ngozi, na najua mlikuwa mkiambiana ni hirizi ya bibi.

Siku ya kuniaga mlinitega. Wiki moja kabla, Doto ulikuja na kaunta buku, ukaniuliza kama mtu asiye na haja, "Bibi, siku hizi unaota nini?" Nikakwambia nimemwota Mzee Masanja, amesimama mlangoni mwa karakana, amenyoosha mkono kunipa kitu, sikukiona ni nini, nikaamka. Ukaandika, ukanisomea, nikasema "sawa".

Picha mlipoifunua nililia mbele za watu, na kulia si kawaida yangu. Suruali yake mmeipatia, rangi za vibao vyote. Lakini mimi macho yangu mabovu yalikwenda moja kwa moja mkononi. Nilikuwa na hakika nitakuta brashi, au sindano, maana mimi mwenyewe kwa umri wangu wote huu, haki ya Mungu, ningeweka sindano. Nikasogea, nikapapasa kwa kidole. Ni gunia tupu.

Kile kipande cha ngozi juu ya meza mnaweza kukitoa sasa.